Gari la Milango Miwili

Kaka yangu alirudi nyumbani kutoka Mombasa katikati ya miaka ya tisini, mahindi ya upande wetu wa Migori yalipokuwa yakianza kutoa ndevu. Alikuwa na mabegi mawili, redio, na jarida moja la magari lililokunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hata karatasi zake zikawa laini kama kitambaa. Kwa miaka mingi alikuwa karani katika ofisi ya wakala wa forodha pale bandarini. Kazi yake ilikuwa kuyapokea magari ya mitumba kutoka Japani: kuyakagua, kuyalinganisha na hati zake, kisha kuyaendesha kutoka melini hadi kwenye uwanja wenye ua wa waya, ambako wenyewe walikuja kuyachukua. Aliyajua magari jinsi mama yetu alivyojua ng'ombe. Aliweza kusikia moja likipita barabarani, yeye akiwa kitandani ameugeukia ukuta, akakwambia linaumwa wapi.

Yeye mwenyewe alikuwa amekonda. Katika miaka ile, mtu aliporudi kutoka mjini akiwa amekonda namna hiyo, tena na mabegi yake yote, majirani hawakumwuliza atakaa hadi lini. Walileta kuku, wakaketi kidogo, wakaisifu mvua, wakaenda. Ndani ya nyumba tulisema ni kifua. Wakati mwingine tulisema ni homa. Na siku ambazo hakuweza kuamka tulisema amechoka na safari, ingawa safari yenyewe ilikuwa imekwisha kusahauliwa na kila mtu isipokuwa sisi tuliokuwa tukiihitaji.

Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa chuoni ili nije kumsaidia mama. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, na tasnifu yangu ilihusu swali linaloonekana dogo: mkulima auze mahindi yake wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, au ayaweke ghalani angojee bei ya miezi ya njaa? Watu wengi husema angoje. Lakini kungoja nako hula. Kuna dumuzi, kuna unyevu, kuna panya, kuna mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Nilikuwa nimejaza kurasa nyingi nikijaribu kuonyesha ni wakati gani hasa subira ya mkulima hugeuka kuwa hasara. Nalitaja hili kwa sababu nyumbani walidhani elimu hiyo ingetufaa katika jambo lililofuata.

Jambo lenyewe kaka alilitoa tukiwa mezani.

"Mama, nataka kununua gari," alisema, akiisukuma sahani ambayo hakuwa ameigusa. Nyumbani tulizungumza Kijaluo, na maneno yetu nayaandika hapa kwa Kiswahili kadiri niwezavyo.

"La kubeba nini?"

"La kunibeba mimi."

Alimfungulia mama lile jarida. Lilikuwa gari la spoti, la milango miwili, fupi, lililolala chini kiasi kwamba mama aliinamisha kichwa ili alitazame vizuri.

"Mbona limepiga magoti?"

"Ndivyo lilivyo, mama. Ni la kukimbia."

"Na wewe unamkimbia nani?"

Kaka akacheka, nasi tukacheka. Baadaye, tulipobaki wawili, alinieleza sababu yake. Alisema kwamba katika kazi yake ameendesha kila aina ya gari ambayo mtu anaweza kuitamani, lakini hakuna hata moja aliloliendesha zaidi ya kutoka melini hadi kwenye ua wa waya. Unaingia, unakirekebisha kiti, unaanza kulielewa, na hapo ua umefika. Unazima, unamkabidhi mtu funguo zake. Alitaka, mara moja, gari ambalo barabara yake haiishii kwenye ua. Nilimwelewa. Nilielewa pia kwa nini alisema "mara moja," nikajifanya sikulisikia neno hilo.

Gari la aina aliyoitaka lilikuwa Homa Bay, kwa mfanyabiashara wa mbuta, yule samaki mkubwa ambaye viwanda vilimnunua kwa pupa miaka ile hata watu wakatajirika kabla ya kujua watazifanyia nini fedha. Huyu alikuwa amenunua gari la spoti. Tulipofika kwake tulimkuta amelifunika kwa turubai la kuanikia dagaa. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, na biashara aliifanya kwa Kiswahili hata na Wajaluo wenzake, kwa maelezo kwamba Kijaluo kina huruma nyingi mno.

"Omera, ndugu yangu, karibu uone bibi yangu wa pili," alisema, akilivuta turubai. "Huyu hapiki, haoshi, na hawezi kubeba hata samaki wawili wa ngege. Yule wa kwanza amekataa kukaa ndani yake. Anasema ni kama kukaa kwa karai."

"Mafuta ya injini umeyabadilisha lini, bwana?" kaka aliuliza.

"Eee! Hebu sikia Mswahili! *Umeyabadilisha!* Omera, ongea kama mtu wa ziwa. Mafuta nilibadilisha."

Kaka alilisogelea gari. Alipiga goti kando ya gurudumu la mbele, akapitisha kiganja ndani ya ukingo wa bodi akitafuta kutu. Alichomoa kijiti cha kupimia mafuta, akakinusa, akakipangusa kwa kitambaa chake mwenyewe. Aliomba injini iwashwe, akafumba macho. Muda huo wote mfanyabiashara alisimama kando kwa heshima, kama mtu anayemtazama mganga akimpapasa mgonjwa wake. Kisha kaka aliingia ndani, akabonyeza swichi ya taa. Taa za mbele za gari lile zilikuwa zimefichwa ndani ya boneti. Ziliinuka polepole, zote mbili, zikatutazama. Kaka alitabasamu. Tangu arudi kutoka Mombasa nilikuwa nimemwona akicheka mara nyingi, kwa kuwa alicheka ili kutupumzisha. Kutabasamu huku hakukuwa kwa ajili yetu.

Bei haikuwa shida. Akiba yake ya bandarini ilitosha, na mfanyabiashara alikuwa na hamu ya kuipata nafasi yake ya kuanikia. Kilichobaki ni neno la mama. Katika boma letu kitu kikubwa hakikuingia kimyakimya. Ng'ombe, baiskeli ya kwanza ya baba, hata cherehani ya shangazi, kila kimoja kilisimamishwa langoni hadi mwenye boma akatoka, akakipokea kwa maneno. Baba alikuwa amefariki zamani, kwa hiyo neno lilikuwa la mama. Kaka hangeliingiza gari kwa mlango wa nyuma kama mwizi. Alimwomba mfanyabiashara amngojee kidogo.

"Nitangoja," mtu yule alisema. "Lakini gari si samaki, na mimi si barafu. Akija mwingine, nitauza."

Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, alikuja Jumapili baada ya kanisa. Boma lake lilipakana na letu, na jambo lolote lenye uzito lilipita kwake. Alisikiliza habari za gari hadi mwisho, kisha akauliza:

"Likifika, litalala wapi?"

"Hapo nje," kaka alijibu.

"Na wewe unalala wapi?"

Kaka akageuza macho kwenye mlango wa chumba cha mama.

"Unalala katika chumba cha mama yako kama mgeni. Mtu mzima, mwenye ndevu, huna nyumba katika ardhi ya baba yako. Kila kitu kina mpangilio wake. Jenga kwanza. Hata vyumba viwili, hata vya udongo. Gari litakuja baadaye."

Inafaa nieleze kilichokuwa ndani ya maneno hayo, kwa sababu sisi tulikielewa bila kuelezwa. Kwetu, mwanamume mzima akifa bila nyumba, hujengewa nyumba upesi upesi, hata kwa siku moja, ndipo azikwe mbele yake kama mtu aliyekuwa na mlango wake duniani. Katika miaka ile tuliziona nyingi: mabati ya kuazima, udongo usiokauka, mlango usio na kitasa kwa sababu hakuna atakayeufungua. Baba mdogo hakuwa mkatili. Alikuwa akiomba jambo la heshima lifanywe taratibu, mwenyewe akiwapo. Lakini mgonjwa anapoambiwa ajenge, anasikia pia sababu.

Mama aliisikia. Aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na lile jarida.

"Hatajenga sasa, shemeji," alisema. "Anangoja gari."

"Si limeshapatikana Homa Bay?"

"Hilo ni la zamani." Akafungua ukurasa, akauweka mbele ya baba mdogo, akaugonga kwa kidole. "Modeli mpya ni hii. Mwenyewe alinionyesha. Hilo la Homa Bay lina macho ya kufunguka na kufumba, hayo yamepitwa. Hili jipya macho yake yako wazi wakati wote. Nani mwenye akili atanunua la zamani na jipya liko njiani?"

Mama hakuwa amewahi kuendesha hata baiskeli. Kaka alicheka hadi kikohozi kikamkamata, nikamletea maji.

"Mama," alisema alipoweza, "hilo ndiyo kwanza Wajapani wanalinunua. Sharti walitumie kwanza, walichoke, ndipo lipande meli lije kwetu."

"Watalichoka lini?"

"Miaka mitano. Labda sita."

"Basi," mama alisema, akilifunga jarida na kuliweka mapajani, "tutawangoja wachoke."

Hata baba mdogo alicheka. Kisha kicheko kikaisha. Nilimtazama mama. Mikono yake ilikuwa juu ya jalada la jarida, imelibana, na nikaelewa kwamba hakuwa akizungumzia gari hata kidogo. Alikuwa amepata mahali pa kuificha miaka sita, na alikuwa amekaa juu yake.

Siku zilizofuata nilifanya kile ninachokifanya ninapoogopa: nilichambua. Nilijiambia kwamba swali ni lilelile la tasnifu yangu, ila ghala limebadilika. Akinunua sasa, anapata kitu pungufu kwa hakika; akingoja, anapata kitu bora kwa shaka. Gari la Homa Bay lingepungua thamani. Jipya lingeshuka bei. Barabara zetu, na mashimo yake, zingeliumiza lolote kati ya hayo mawili, kwa hiyo barabara zingeweza kuondolewa pande zote za hesabu. Niliendelea hivyo, nikiondoa hiki na kuongeza kile, na kila njia niliyoifuata ilinifikisha kwenye nafasi moja tupu ambayo ilipaswa kujazwa muda. Si muda wa gari. Niliizunguka nafasi hiyo kama mtu azungukaye shimo la choo gizani, nikarudi mwanzo, nikaanza tena na bei.

Asubuhi moja mama alinikuta jikoni nikiwasha moto.

"Nyara," aliniita, binti yangu, "wewe umesoma. Mwambie angoje. Wewe atakusikia."

"Na asipoweza kungoja, mama?"

"Kwa nini asiweze?"

Nilisogeza kuni. Alichuchumaa kando yangu, akaupuliza moto ambao tayari ulikuwa umeshika.

"Mtu anayengoja kitu huamka asubuhi," alisema. "Huamka ili aone kama kimefika. Umewahi kumwona mtu anayengoja mgeni akilala hadi jua likapanda?"

"Na nyumba? Baba mdogo ataleta fundi."

"Asilete." Sauti yake ilibadilika. "Nyumba ikisimama, kinachomtafuta kitajua mlango ni upi. Mtu asiye na nyumba hachukuliwi hivi hivi. Ni aibu. Hata huko juu wanajua ni aibu."

Hapo ndipo nilipouona ukuta wote aliokuwa ameujenga. Aliigeuza mila ile ile iliyomtia baba mdogo haraka, akaifanya ngao: kama ni aibu mtu kufa bila nyumba, basi asipewe nyumba, na aibu itamlinda. Na ili asijenge, awe anangoja gari. Na ili angoje gari, liwe lile ambalo bado halijawachosha Wajapani. Nimesoma hoja nyingi tangu wakati ule, nyingine za watu maarufu, na sijakutana na iliyofungwa pande zote kwa uangalifu kama ile. Ilikuwa na kosa moja tu, na kosa hilo lilikuwa likikohoa upande wa pili wa ukuta.

Kaka naye alinikamata kivulini mwa ghala mchana huohuo. Alikuwa amejifunika blanketi, na jua lilikuwa kali.

"Unadhani sijui anachofanya?" aliniuliza.

"Anachofanya nani?"

"Nyaminwa, dada yangu, usinifanye mgeni."

Nikaketi kando yake.

"Nikilinunua leo, ni kama nimemwambia usoni kwamba sina kesho. Nikingoja, nitakuwa nimemdanganya, naye anajua nimemdanganya. Katika vitabu vyako, mtu kama huyo hufanya nini?"

"Vitabu vyangu vinahusu mahindi."

"Basi nihesabu kama mahindi."

Nilicheka, kwa kuwa alitaka nicheke. Kisha sikuweza kuendelea, akanitupia ncha ya blanketi lake nijifute.

"Nataka kuliendesha," alisema baadaye, akitazama kwingine. "Hiyo tu. Kama angesimama langoni nikaingia nalo, basi ningekuwa nimefika. Lakini siwezi kumwibia hiyo miaka yake sita. Hana kingine."

Wiki hiyo mfanyabiashara wa mbuta alituma ujumbe kwamba mtu wa Oyugis amelipenda gari na atakuja na fedha. Kaka alikuwa na siku ya hospitali kule Homa Bay, na mama alisema atafuatana nasi, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla. Daktari alizungumza na kaka faraghani. Kaka alipotoka aliuliza tu kama tumekula.

Langoni pa hospitali tulimkuta mfanyabiashara akitungojea na gari. Kaka ndiye aliyemwomba alilete, bila kutuambia.

"Mama, shikamoo," mtu yule alisema, akitumia neno ambalo halikuwa la pwani yetu, kwa ajili ya kumchokoza kaka. "Nimemleta bi harusi umkague kabla hajaolewa Oyugis."

Mama alilizunguka gari mara moja. Aliligusa paa, ambalo lilimfika kifuani.

"Nipande wapi? Hapa ni pa kuingilia watu au pa kuwekea unga?"

Tulimwingiza kiti cha mbele. Mimi na mfanyabiashara tulijikunja nyuma, katika viti ambavyo nadhani viliwekwa kwa ajili ya mizigo ya watu wembamba. Magoti yake yalikuwa karibu na masikio yake, naye alilalamika kwamba sasa anamwelewa mkewe. Kaka aliwasha injini. Akangoja kidogo, akiisikiliza. Kisha tukatoka mjini, tukaanza kupanda kuelekea Rodi Kopany.

Sina maneno ya kuieleza sehemu hii bila kuiharibu. Aliendesha kwa utulivu. Aliyakwepa mashimo kabla mimi sijayaona, kwa mzunguko mdogo wa mkono, kana kwamba barabara ilikuwa ikimnong'oneza. Palipokuwa na lami nzima alikanyaga mafuta, gari likatuvuta kwa nguvu viunoni, na mama akaushika mlango kwa mikono miwili akalitaja jina la Yesu. Kisha akasema, "Mbuzi! Wuoda, mwanangu, mbuzi!" na alipoona mbuzi tumeshampita akaanza kucheka. Alicheka kwa sauti, mdomo wazi, kilemba kikimteremkia usoni. Kaka alimtazama mara moja, upesi, akarudisha macho barabarani.

Huko Rodi ilikuwa siku ya soko. Alipunguza mwendo ili ageuze gari kwenye kilima kifupi kabla ya vibanda. Wanawake waliokuwa wakiuza viazi vitamu walisimama kututazama.

"Mwangalie mama amekaa kama waziri!" mmoja alipaza sauti.

"Waziri wa nini? Gari halina hata mahali pa kuku!"

Mama aliwapungia mkono. Na hapo gari likazima.

Kaka aliliwasha tena. Alikanyaga klachi, akatia gia, na nikauona mguu wake wa kushoto ukitetemeka ndani ya suruali, kwanza kidogo, kisha wote hadi nyonga. Ulimteleza. Gari likaruka, likazima. Akawasha mara nyingine. Aliushika mguu kwa mkono wake mwenyewe, akausukuma kwenye klachi kama mtu asukumaye gogo, na mguu haukubaki. Gari lilianza kurudi nyuma kwenye mteremko. Akavuta breki ya mkono. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni. Wale wanawake walikuwa wameacha kucheka.

Mfanyabiashara ndiye aliyezungumza, nyuma kabisa, na kwa mara ya kwanza alizungumza Kijaluo.

"Klachi ya gari hili ni ngumu," alisema taratibu. "Hata mimi hunishinda kwenye kilima. Ni kosa lake."

Kaka alikuwa ameuinamia usukani. Akainua kichwa.

"Ni kweli," alisema. "Modeli hii ilikuwa na tatizo la klachi. Wamelirekebisha katika ile mpya. Ile mpya klachi yake ni laini, hata mtoto anaikanyaga."

Tulishuka ili kaka na mfanyabiashara wabadilishane viti. Mama alimfuata kaka upande wa pili wa gari, akamshika kiwiko. Mimi nilikuwa karibu, kwa hiyo nilisikia.

"Wuoda, linunue," alisema. "Linunue leo. Nitasimama langoni. Nitalipokea."

"Hapana, mama. Ulisema kweli. Hili ni la zamani."

"Nilisema tu vile."

"Najua ulivyosema." Aliuweka mkono wake juu ya mkono wa mama. "Tuwangoje Wajapani."

"Linunue, nakuomba."

"Tungoje, mama."

Waliendelea hivyo kwa muda, kila mmoja akiwa amesimama pale mwenzake alipokuwa amesimama tangu Jumapili ile, na hakuna aliyeweza kumrudisha mwingine. Mwishowe mama aliachilia. Tukarudi Homa Bay mfanyabiashara akiendesha, na njia nzima kaka alimweleza mama habari za ile modeli mpya: viti vyake, taa zake, jinsi inavyoshika barabara ikinyesha. Mama aliitikia kila jambo. Mtu wa Oyugis alilichukua gari kabla ya wiki kwisha.

Asubuhi iliyofuata safari yetu, mama alivuka ua kwenda kwa baba mdogo. Hakukaa. Alisema, "Jengeni," akarudi, akaendelea kuchambua maharagwe.

Fundi alikuja, na miti, na mabati mapya ambayo baba mdogo aliyanunua kwa mkono wake. Kaka alitolewa nje kwa kiti ili aonyeshe anapotaka nyumba isimame. Aliionyesha vizuri, mlango ukitazama lango la boma. Kisha akasema tusisahau nafasi ya gari.

"Hapa kushoto patafaa," baba mdogo alisema. "Kuna kivuli cha ua."

"Kulia," kaka alisema.

Fundi aliacha kazi aliyokuwa akiifanya. Kulia kwa mlango ndiko mwenye nyumba huzikwa kwetu, na hakuna mtu aliyekuwa pale ambaye hakulijua hilo. Baba mdogo alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Kulia ni sawa," alisema.

Nilipewa utepe wa kupimia, kwa kuwa nilikuwa mwangalifu. Mama alikuja akaushika upande wa pili. Kaka alitutajia upana wa modeli mpya kwa kichwa, bila kulifungua jarida, nasi tukasogea mmoja huku na mwingine kule hadi utepe ukanyooka. Alituambia tuongeze kidogo: milango ya gari lile ni mirefu, na mtu sharti aweze kushuka bila kujibana. Tukaongeza. Fundi akapigilia vigingi vinne.

Kaka alilala katika nyumba yake hadi mavuno yalipokwisha. Wachimbaji walipokuja na kuuliza waanzie wapi, baba mdogo hakuweza kuwajibu. Mama ndiye aliyetoka na kuwaonyesha vigingi. Mmoja wao alipima kwa macho, akasema nafasi hiyo ni pana mno kwa mtu mmoja.

"Chimbeni katikati," mama alisema.